Mwaka Tuliojenga Ukuta Rubondo

Simu iliita nikiwa Biharwe, nje kidogo ya mji wa Mbarara, katikati ya mkutano, na mimi katikati ya mkutano sipokei simu. Wakazi wa mtaa walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakibishana juu ya kiwanja kilichobaki nyuma ya soko lao, kiwe bustani ya kupumzikia au kiwe kituo cha bodaboda, na mama mmoja muuza ndizi alikuwa amesimama anamtukana diwani kwa Kinyankole, tusi refu lenye ng'ombe ndani yake. Kazi yangu siku hizi ndiyo hiyo. Nakaa na watu, nawauliza wanataka mahali pao paweje, kisha nayapeleka maneno yao kwa wahandisi, ambao wengi wametoka mbali na lugha ya hapa hawaijui. Nilimtafsiria mhandisi lile tusi lote, pamoja na ng'ombe, na diwani akanikazia macho. Ofisini wenzangu wananiita Mama Kila Neno. Wanadhani ni ukali wa tabia tu, na mimi nawaacha wadhani hivyo.

Leo nilipokea kwa sababu niliona jina la Papa Elia, aliyekuwa mwenyekiti wetu Rubondo, kule Nakivale, kambi ya wakimbizi, na Papa Elia hapigi simu bila jambo. "Mapendo, mwanangu," alisema, na nikasikia jinsi sauti yake ilivyozeeka. "Bibi Godeliva ametuacha. Alikula muchana, akasema anapumuzika kidogo, ikawa ni ile. Tutamuzika kesho. Batu banasema ni weye utatoa maneno ku kaburi, juu ulikuwaka mutoto yake." Nilisema nitakuja. Nilirudi kwenye kiti changu, mkutano ukaendelea, watu wakachagua bustani wakapiga makofi, na mimi nikaandika matokeo. Kisha nikaja nyumbani, nikafunga mlango, na sasa nimekaa mezani nikijaribu kutafuta maneno ya kesho. Kila ninaloandika linanirudisha kwenye mwaka mmoja, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, na sitaweza kusema lolote kaburini kama sijauandika huo kwanza.

Sitaeleza nilivyofika Nakivale wala niliowaacha Kivu. Nianze na chumba. Bibi Godeliva, mama wa Kirundi aliyefika Rubondo kabla ya karibu sisi wote, alikuwa na nyumba ya udongo ya vyumba viwili na nyuma yake akaegesha kijumba cha tatu, ambacho alinipa mimi nilipokuwa sina pa kulala. Dari lilikuwa turubai, na upepo ukivuma lilikuwa linapumua, linapanda na kushuka, hata ukilala unahisi kuna mtu mwingine chumbani. Ukutani alikuwa amebandika kalenda ya zamani yenye picha ya Bikira Maria, akaniambia nisiibandue. Mimi nilikuwa Mprotestanti wa kwaya, naimba nikifua, naimba nikipika, naye alikuwa Mkatoliki wa kusali kimyakimya na rozari yake. "Mungu wenu ninyi ni kiziwi?" alikuwa ananiuliza. "Mbona mnampigia kelele hivyo?" Jioni tulikula pamoja, maharagwe yaliyochanganywa na ndizi, siku nzuri tukiongeza dagaa, sisi wawili na mjukuu wake Inesi, mtoto wa kike wa miaka sita ambaye hakuwa na mtu mwingine duniani ila yule bibi. Inesi alikuwa na tabia ya kula akiwa amesimama, mguu mmoja juu ya mwingine, na bibi yake alichoka kumwambia akae. Nikifumba macho sasa hivi namwona amesimama hivyo.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huo alikuja mzungu mmoja, tulimwita Madamu Karin, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na mradi wake ulikuwa wa kutengeneza uwanja wa watu wote Rubondo. Alisema kambi zinajengwa na watu wa mbali kwa ajili ya watu wasioulizwa, na kwamba yeye atauliza. Alitaka kila mtu asikike, wazee, akina mama, watoto, hata wale wasiopenda kusema. Alitafuta mtu anayejua Kiswahili cha Wakongomani, Kirundi na Kiingereza, na mimi, kwa bahati na kwa miaka michache ya sekondari, nilikuwa nazo zote tatu. Nikawa mdomo wake na masikio yake. Namkumbuka bila chuki. Alikuwa mtu mwaminifu kuliko wengi niliofanya nao kazi baadaye, na uaminifu wake ndio ulionitisha, kwa sababu tangu wiki ya kwanza alituambia wazi: kama mkazi yeyote ana hofu juu ya kiwanja hiki, nataka kuijua, na tutasimama hata kama tutachelewa. Na kuchelewa, sote tulijua, maana yake mradi ungehamia kambi nyingine, maana muda wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka.

Mwezi wa nne alinipeleka Mbarara kununua karatasi kubwa na kalamu za rangi. Nililala usiku mmoja katika chumba cha nyumba ya wageni karibu na barabara kuu. Kilikuwa chumba cha kawaida kabisa, leo nisingekitazama mara mbili, lakini kilikuwa na dari la mbao lisilopumua, na dirisha la kioo, na swichi ya taa niliyoiwasha na kuizima mpaka nikajionea aibu. Mchana tulikula matoke na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli wa Wanyankole, nikaona ni chakula cha ajabu na nikakimaliza chote. Hapo mezani Madamu aliniambia kuna chuo mjini hapo kinachofundisha mambo ya mipango ya miji, na kwamba mradi ukimalizika vizuri ataniombea nafasi. Alisema hivyo huku anapangusa mikono. Niliporudi Rubondo mtu wa kwanza niliyemwambia alikuwa Bibi Godeliva, naye aliacha kuchambua maharagwe, akanishika uso kwa viganja vyote viwili. "Mwana wanje," alisema, mwanangu kwa Kirundi chake, "wewe utatoka hapa. Mmoja wetu akitoka, na sisi tumetoka kidogo." Tangu siku hiyo nilianza kuogopa kila kitu. Niliogopa mvua, niliogopa homa, niliogopa Papa Elia akiamka na hasira. Ukiwa huna kitu huna cha kuogopa kupotea, na mimi sasa nilikuwa nacho.

Kiwanja chenyewe kilikuwa uwazi wa vumbi kati ya nyumba za juu za Wakongomani na nyumba za chini za Warundi, na mlima upande wa juu ukiwa na miti yake. Katikati kulikuwa na mgunga mmoja mkongwe. Shina la mgunga ule lilikuwa na alama, rangi ya udongo iliyokauka, inayolizunguka sawasawa kwenye kimo cha kiuno changu. Niliiona kila siku nikipita. Sikujiuliza. Mvua za mwanzo wa mwaka ule zilikuwa haba, na kabla yake tulikuwa na miaka ya ukame, na vumbi la pale lilikuwa laini mno hata kuku walikuwa wanaoga ndani yake.

Madamu alikuja na mchoro wa kuanzia: nyasi, miti ya matunda, uzio hai wa minyaa kuzunguka, na katikati njia pana ya nyasi iliyozama kidogo, ya kupitisha maji kama yatakuja. Watu waliutazama kwa adabu. Kisha Papa Elia akasimama, na Papa Elia akisimama watu wa Rubondo walikuwa hawasimami tena baada yake, ndivyo tulivyozoea, mkubwa akishasema wengine ni kushukuru. "Madamu," alisema, "sisi tumelala mu mahema, tumelala mu nyumba za udongo. Kila kintu tunapewa hapa ni cha kuoza. Lupango ya minyaa ni ya ng'ombe. Sisi tunataka ukuta ya matofali, na mulango mukubwa, na majina yetu juu ya mulango. Mutu akipita ajue fasi hii kuko batu." Niliitafsiri yote, na moyo wangu ulijaa, kwa sababu na mimi nilitaka ukuta. Ni jambo ambalo mtu aliyezaliwa ndani ya matofali haelewi. Kitu kisichoondolewa na upepo kilikuwa ndoto yetu sote, na Madamu aliinamisha kichwa akaukunja mchoro wake, kwa sababu aliapa kutusikiliza.

Mwezi wa tano alikuja injinia, kijana wa Kinyankole, kwao Bwizibwera, ambaye Kiswahili chake alikiokota barabarani kwa madereva na askari. Alitembea kiwanja chote, akapiga teke udongo, akauliza: "Nyinyi watu, hapa maji iko napita? Mvua ikikuja, maji inaenda wapi?" Papa Elia alicheka. "Injinia, maji? Hata ya kunywa tunafuata ku pompe na bidoni, tunapanga mustari tangu asubui!" Watu wote wakacheka, na mimi pia, kilikuwa kichekesho kizuri. "Kale," alisema injinia, yaani sawa kwa Kinyankole, akaandika kitu, akapanda pikipiki. Bibi Godeliva hakuwepo siku hiyo, alikuwa shambani.

Mkutano wa kuamua ulifanyika mwezi wa sita, chini ya turubai la kanisa letu, jua likiwa kali hata soda za mradi zilikuwa za moto. Injinia hakufika. Madamu alitandika michoro miwili chini, mmoja wa uzio na njia ya nyasi, mwingine wa ukuta, na kila mtu akapewa punje moja ya haragwe aweke juu ya mchoro anaoutaka. Kabla ya kupiga kura aliuliza kwa mara ya mwisho kama kuna mwenye hofu. Papa Elia alikuwa ameshasema, nani angesema? Ndipo Bibi Godeliva aliposimama. Alisimama taratibu, akajifunga kitenge upya, akazungumza akinitazama mimi, kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani, kwa sauti ile ile aliyosalia rozari.

"Mimi nilifika hapa kabla ya nyumba," alisema. "Mwaka ule mvua ilinyesha kule juu mlimani, hapa jua linawaka, hata tone hatukuona. Maji yakaja. Yalipita hapa mlipokaa. Yalichukua mbuzi wangu wawili, yakachukua na jiko, moto ukiwa ndani. Tazameni ule mti, alama yake mnaiona. Mkijenga ukuta, maji yataingia yakose pa kutokea. Na ndani ya huo ukuta mnataka kuweka watoto. Hapa mwenye kiwanja ni maji. Yamesafiri tu, hayajahama. Mwambie huyo madamu, mwana wanje. Mwambie yote."

Madamu alinigeukia, kalamu juu ya karatasi. Watu wote wa Rubondo walikuwa wamesikia na kuelewa, kila mmoja, lakini aliyeshika kalamu alikuwa hajasikia, naye angesikia kile tu ambacho ningemwambia mimi. Nakumbuka swichi ya taa ya Mbarara. Nilitaka kile chumba, ndilo jambo lenyewe, nilikitaka kuliko nilivyotaka kuwa mtu mzuri, na nilijiambia ni kizee, ni hadithi za mbuzi za zamani, injinia ameshakagua. Nikasema kwa Kiingereza kwamba bibi huyu ameishi hapa kuliko wote, na kwamba anauombea mradi baraka. Madamu akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akamwinamia Bibi Godeliva kumshukuru.

Bibi hakujua Kiingereza. Lakini alijua urefu wa maneno yake mwenyewe. Alinitazama kitambo, kisha akaketi. Walipoanza kupiga kura yeye hakuweka punje yake popote, aliitia kwenye pindo la kitenge, na ukuta ukashinda kwa rundo kubwa la maharagwe ambalo watoto walilizunguka wakishangilia. Baada ya mkutano Madamu aliniambia nichukue yale maharagwe nyumbani. Jioni yake Bibi aliyapika. "Tunakula kura," alisema, na Inesi akacheka sana, akalirudia neno hilo kwa kila kijiko. Nilipokuwa naosha sahani Bibi aliniuliza, bila kugeuka: "Ulimwambia?"

"Nilimwambia, Bibi."

"Maneno yangu yalikuwa mengi. Ya kwako yalikuwa machache."

"Kiingereza ni kifupi, Bibi."

"Basi ni lugha nzuri," alisema, akaingia ndani kusali.

Matofali yalifyatuliwa na watu wenyewe, na hilo lilimfurahisha Madamu, na yalichomwa kwa kuni za mlimani. Hakuna aliyekuwa na kuni nyingine. Matanuru mawili yaliwaka wiki nzima mwezi wa saba, moshi ukaingia kwenye nguo zetu, kwenye chakula, kwenye turubai la chumba changu, na moshi ulipoondoka tulitazama juu tukaona mlima umekuwa upara. Papa Elia alisema miti itaota tena. Mwezi wa nane mafundi wakachimba msingi, na huko chini, kimo cha magoti, wakakuta mchanga. Ulikuwa mchanga safi, wa duara, wenye makombe madogo ya konokono wa majini ndani yake. Mafundi waliimba. Mchanga ulikuwa unasubiriwa kwa lori kutoka ziwani, na huu hapa Mungu ameuleta bure chini ya miguu yao. "Bwana asifiwe!" walisema, wakauchota, wakauchanganya na saruji, wakaujengea. Bibi Godeliva alifika akiwa na jembe begani, akainama, akachota kiganja kimoja, akakimimina kwenye mkono wangu. "Huu mchanga," aliniuliza, "nani aliuleta hapa?" Hakusubiri jibu. Niliutia mfukoni, na kwa siku nyingi baadaye nikiingiza mkono nilikuwa nakuta chembe zake kwenye mshono. Ningeweza kusema hata siku hiyo, msingi ulikuwa bado mchanga mtupu na kamba. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilinizuia, na jibu halijawahi kubadilika: barua ya chuo ilikuwa imefika wiki ile, kwamba nafasi ni yangu mradi huu ukimalizika vizuri.

Tulizindua mwezi wa tisa. Ukuta ulikuwa mzuri, lazima niseme. Mlango mkubwa ulitazama juu, upande wa barabara na mlima, majina yetu yakiwa yameandikwa juu yake kwa rangi ya bluu, na upande wa chini ukuta ulikuwa mzima bila tundu, kuzuia ng'ombe wa wafugaji. Ndani kulikuwa na mabenchi, mgunga wetu, na bembea mbili za minyororo. Bembea zilitoka kwenye mchoro wa Inesi. Madamu alikuwa amewapa watoto kalamu za rangi, na yeye akachora mtu amesimama hewani, nikamuuliza huyu ni nani, akasema, "Ni mimi, niko juu." Tangu uzinduzi alikuwa habanduki pale, na hata kwenye bembea hakukaa, alisimama, kama alivyokula. Bibi Godeliva kila alasiri alikuwa anakuja na kigoda chake, anakiweka nje ya mlango, ng'ambo ya ukuta, akikaa anatazama mlima. Watu walimtania kwamba amekuwa askari wa lindo. Kwaya yetu iliimba ndani ya ule ukuta, na sauti zilikuwa zinaturudia, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia kwenye uwazi, na nikasisimka mwili, sikujua ni furaha au ni nini.

Siku yenyewe Bibi alikuwa amekwenda kupiga foleni ya mgao. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, alasiri, na jua la Rubondo lilikuwa linawaka vizuri kabisa. Mlimani kulikuwa na weusi, lakini weusi wa mlimani tulikuwa tumeshauzoea. Mimi nilikuwa uani kwa Papa Elia, najaza fomu ya mwisho ya mradi, na swali nililokuwa nalijibu lilikuwa wakazi wameridhika kwa kiasi gani. Nilisikia mlio, nikadhani ni lori. Kisha nikasikia watu. Tulipofika, maji ya rangi ya matofali yalikuwa yanaingia kwa mlango wetu mkubwa, yanaingia tu, hayana pa kutokea, yanajaa kama karai. Watoto wakubwa walikuwa wamepanda ukutani na kuruka. Wadogo walikuwa juu ya mabenchi wakilia, na wanaume waliwafuata wakawatoa mmoja mmoja. Inesi alikuwa amesimama kwenye bembea, ameshika minyororo, maji kwenye magoti, halafu kwenye mapaja. Aliniona. Hakulia hata kidogo, aliniangalia kana kwamba nitamwambia la kufanya. Nikaingia, nikawa nimefika kwenye mgunga, ndipo ukuta wa chini ulipoachia, wote kwa mkupuo, na kila kilichokuwa ndani kikaenda nao. Mimi nilikumbatia shina. Maji yalikuwa yamefika pale kwenye alama, wala hayakuizidi.

Tulimkuta chini, kwenye zizi la mfugaji mmoja. Uzio wake wa minyaa uliyaacha maji yapite, ukamshika yeye. Bibi yake alifika amebeba unga wa mgao kichwani, akautua polepole chini pakavu, ndipo akapiga magoti.

Baada ya mazishi sikuwa na pa kwenda, nikaendelea kulala katika kijumba kile, nikaendelea kula naye. Aliniandalia kila jioni. Hakusema neno, na mimi sikusema, na sahani ya tatu alikuwa anaitoa, anaitazama, anairudisha. Kama angenifukuza ningemshukuru. Mwezi wa kumi na mbili tukaambiwa Madamu anakuja na mabwana wawili kutoka Kampala, wanaotaka kujua ilikuwaje, kama kuna mkazi aliyejua habari za maji akaonya, na kama alionya, onyo lake liliishia wapi. Siku hiyo asubuhi nilimkuta Bibi amefua blauzi yangu nyeupe, ile moja niliyokuwa nayo, ameianika kwenye kamba, anaikung'uta mikunjo kwa mkono. "Vaa hii," alisema. "Leo unatazamwa." Nilijua ndiyo siku yangu. Nilijiapia jambo moja tu, maana ujasiri wa kujitaja mwenyewe sikuwa nao: akinitaja, nitatafsiri. Nitatafsiri kila neno, na kesho yake watakuwa na mkalimani mwingine, na Mbarara itakuwa imekwisha.

Tulikaa kanisani. Bwana mmoja aliuliza swali, nikaligeuza kwa Kiswahili, sawasawa, bila kupunguza. Papa Elia aliangalia viatu vyake. Nyuma yake watu wote waliosikia siku ile ya mkutano walikuwa wamekaa wananiangalia mimi, na hakuna aliyefumbua mdomo, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kusema ni mmoja. Bwana akarudia swali, akamwelekea yeye. Bibi Godeliva alisimama taratibu. Akajifunga kitenge upya. Akanitazama kwa muda ambao hata leo unanijia nikiwa kazini.

"Oya," alisema, yaani hapana. "Hakuna aliyeonya. Habari za maji hatukuzijua, hata mimi sikuzijua." Alivuta pumzi. "Na huyu mwana aliwapa maneno yetu yote. Hakuacha kitu. Huyo bwana aandike hivyo. Huyu mwana aende shule."

Bwana alinigeukia, kalamu juu ya karatasi. Nikatafsiri. Ilikuwa tafsiri bora kuliko zote nilizowahi kufanya, neno kwa neno, pamoja na pumzi yake, na sauti yangu haikutetemeka. Madamu Karin alikuwa analia. Mwezi uliofuata nilikwenda Mbarara, na Bibi alinisindikiza mpaka barabarani na kifurushi cha maharagwe, na kwa miaka yote hii nilipokwenda kumwona tuliongea juu ya bei ya unga, juu ya magoti yake, juu ya kiziwi wangu wa Kiprotestanti. Kile kiwanja kimerudi kuwa majani. Matofali watu waliyachukua kujengea mafiga, na hakuna anayejenga hapo tena.

Kesho nitasimama kaburini kwake. Pale hawahitaji mkalimani, kila mtu atanielewa, na nimeamua nitasema maneno yake ya siku ile ya mkutano, yote, kuanzia nyumba zisizokuwepo mpaka mbuzi na jiko na mwenye kiwanja, kisha niseme nilichosema mimi mahali pake. Jioni hii nimeyajaribu hapa chumbani, kwa sauti, taratibu kama alivyoyasema yeye, huku nikitazama saa ya ukutani. Nimerudia mara tatu nikidhani nimeruka mahali. Hayafiki dakika moja.